Acheni kuwadanganya watu na wingu

Kuna ushauri ambao sisi watu wa kompyuta tunaupenda mno: "Weka kwa wingu, usahau." Naomba niseme wazi. Ushauri huu ni wa uvivu, na hapa mpakani unaumiza watu.

Tunamwambia nani asahau? Mama anayevuka Busia kununua maharagwe upande wa Uganda. Mzigo wake hauzidi dola 2,000, kwa hivyo anatumia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na cheti cha asili ya bidhaa amekipiga picha. Risiti, majina ya waliokopa kwake, picha za marehemu mumewe, vyote vimo ndani ya simu moja. Dereva wa trela kwenye foleni ya Malaba naye ni hivyo hivyo. Simu ikichomolewa mfukoni, biashara na kumbukumbu za familia zimeenda pamoja.

"Lakini ziko WhatsApp!" Haya, tuangalie.

Kwanza, WhatsApp si ghala. Ujumbe ukishamfikia mwenzako, haubaki kwenye seva zao. Kilichopo ni kilicho ndani ya simu, pamoja na nakala inayopelekwa kwenye akaunti ya Google kama umeiwasha. Zamani nakala hiyo haikuhesabiwa. Siku hizi, kwa simu za Android, inakula zile GB 15 za bure pamoja na Gmail na picha. Google Photos nayo iliacha kupokea picha bure bila kikomo tarehe 1 Juni 2021. Nafasi ikijaa, nakala zinasimama. Arifa inakuja, mwenye simu anaifuta akidhani ni tangazo.

Pili, kusawazisha si kuhifadhi. Ukifuta picha ndani ya Google Photos ili simu ipate nafasi, inafutika na kule juu pia. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha kwaheri.

Tatu, wingu lina mlango, na ufunguo wake mara nyingi ni namba ya simu. Hapa kwetu mtu ana laini ya Kenya na ya Uganda, na nyingine alishaitupa. Msimbo wa kufungulia akaunti unatumwa kwa ile aliyoitupa. Wengine akaunti walifunguliwa na kijana aliyewauzia simu. Nenosiri analijua yeye, kama bado analikumbuka.

Nne, njia ya kwenda winguni hukatika. Uganda ilizima intaneti jioni ya 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, na ikarudi tarehe 18. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikasuasua. Na wingu lenyewe ni kompyuta za watu wengine, nazo huungua. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa na data na nakala zao mahali hapo hapo walikosa vyote.

Najua mtanijibu kwamba wingu bado ni afadhali kuliko simu peke yake. Ni kweli, na sisemi mlitupe. Nasema lisiwe nakala pekee. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliliweka kwa namba tatu: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikae mbali na nyumbani. Kwa mtu wa Busia mimi nalitafsiri hivi:

1. Kila Jumapili jioni, chomeka flashi au diski kwenye simu kwa waya wa OTG. Nakili folda ya DCIM, na za WhatsApp zilizo ndani ya Android/media. Hakuna bando linalotumika. Flashi hiyo isikanyage saiba, maana itarudi na virusi.

2. Flashi ya pili mpe ndugu unayemwamini anayekaa kwingine, Nambale au Tororo. Mtu wa Budalang'i hahitaji kuelezwa sababu. Mafuriko yakiingia, simu na flashi vilivyo nyumba moja vitaloa pamoja.

3. Andika nenosiri kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati ya shamba. Hakikisha akaunti ina laini unayoitumia sasa.

4. Kila mwezi fungua picha moja kutoka kwenye nakala, kwa simu ya mtu mwingine. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Kazi hii haichukui nusu saa. Mama yule anaiweza, maana anahesabu magunia kila siku na haamini mzigo ambao hajauona.

Na kwenu, waandishi wa programu wenzangu: mnatengeneza daftari za madeni na programu za duka ambazo data yake haitoki ila kupitia seva yenu. Wekeni kitufe cha kuitoa yote iende kwenye flashi, bila intaneti, iwe faili ambayo hata programu nyingine inaisoma. Siku mtakapofunga duka lenu, la yule mama bado litakuwa wazi.