Vifaranga Wanaoharisha: Tazameni Joto Kabla ya Dawa



Juma hili nitasema juu ya jambo lililonifunza kwa hasara. Mwaka jana mke wangu nami tulinunua vifaranga 30 wa siku moja. Shabaha yetu ilikuwa kuwalea, kuwauza, na kwa fedha hizo kulipa minervali ya binti yetu aliyeingia shule ya sekondari.

Walifika jioni, wakiwa wamesafiri mchana kutwa juu ya motokari. Kwetu katika milima ya Kivu baridi ya usiku ni kali. Mimi niliwatia katika sanduku juu ya simenti, nikawafunika gunia, nikawapa maji ya mtungini na unga wa mahindi, kisha nikaenda kulala. Siku ya tatu wengi walisimama kimya, mabawa yamelegea, macho yamefumba, na nyuma yao kinyesi kimeganda kama udongo. Nikakimbilia sokoni, nikanunua vidonge vya watu, nikaviponda katika maji. Tena nikakibandua kile kinyesi kwa vidole. Ngozi ikachunika, damu ikatoka. Mwisho wa juma walibaki 17.

Mama mmoja, jirani yetu, alikuja kuwaangalia. Akaniambia: «Mwalimu, hawa hawakuomba vidonge, waliomba moto.» Niliona haya, lakini alisema kweli.

Basi, tujue sababu. Kabla ya kuangua, kifaranga huvuta ndani ya tumbo lake mabaki ya kiini cha yai. Hicho ndicho chakula chake cha kwanza, nacho huweza kumtunza siku mbili au tatu. Ndiyo maana huweza kusafiri pasipo kula. Lakini akipata baridi, au joto kupita kiasi, au akikosa maji, tumbo halifanyi kazi yake vema. Kinyesi huwa chenye kunata, hushika manyoya, na kuziba tundu. Asiposaidiwa, hufa.

Joto linalofaa juma la kwanza ni digrii 32 hadi 35, kisha hupunguzwa digrii 3 hivi kila juma. Asiye na kipimo awatazame vifaranga wenyewe. Wakirundikana pamoja na kulia, wanaona baridi. Wakikimbia mbali na moto na kuhema midomo wazi, wanaona joto mno. Wakitawanyika, wakila na kulala kwa utulivu, mambo ni mema. Mbabula ya makala yatosha kuwapasha, ila izungushiwe uzio wasiungue, wala nyumba isifungwe kabisa, kwa maana hewa ya makala huua kuku na watu pia. Chini tandazeni maranda makavu au pumba za mpunga.

Wakifika, wapeni kwanza maji safi yenye uvuguvugu. Kama safari ilikuwa ndefu, siku hiyo ya kwanza tieni kijiko kimoja cha sukari katika lita moja. Wakisha kunywa, ndipo wapewe chakula. Unga wa mahindi peke yake hautoshi, kwa kuwa hauna nguvu ya kujenga mwili. Uchanganywe na soya na dagaa zilizosagwa, au mnunue chakula cha vifaranga kilichotengenezwa. Angalieni sana: soya mbichi huzuia tumbo kusaga chakula, kwa hiyo ikaangwe kwanza. Mahindi yenye ukungu msiwape kamwe, maana yana sumu ya kuharibu ini.

Na yule aliyekwisha kuzibwa? Chukueni kitambaa laini na maji ya moto kiasi cha kuvumiliwa na mkono. Loweshani kinyesi mpaka kilainike, kitoke chenyewe, msikivute. Mkaushe kifaranga, mpakeni mafuta kidogo, mrudisheni penye joto. Mtazameni asubuhi na jioni. Tena msikosee mahali: kitovu kiko upande wa tumbo, chini ya tundu, nacho huwa na gaga dogo kavu. Mwenye kulibandua humjeruhi kifaranga bure.

Joto likiwa jema na bado wanaharisha, ndipo tufikiri ugonjwa. Kinyesi cheupe chenye kunata, pamoja na vifo vingi katika majuma mawili ya kwanza, huweza kuwa ugonjwa unaotoka kwa kuku mama kupitia yai. Wanaopona huweza kubaki na ugonjwa ndani yao; basi, msitumie mayai yao kwa kuatamia. Kinyesi chenye damu, hasa tangu juma la tatu hata la sita, mara nyingi ni koksidiosi. Vijidudu vyake hukomaa katika matandiko yenye unyevu, kisha kuku huvila pamoja na chakula. Dawa yake ijulikanayo ni amproliamu, nayo hutiwa katika maji kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti. Msikatishe dawa kwa sababu damu imekoma siku ya pili. Lakini matandiko yakibaki mabichi, ugonjwa utarudi. Penye vifo vingi mwiteni mganga wa mifugo. Vidonge vya watu vya kubahatisha havifai, navyo huzoesha vijidudu kuishinda dawa.

Vyombo vya maji vioshwe kila siku na kuinuliwa kidogo, wasivikanyage. Wagonjwa watengwe. Na watoto wakisha kuwashika vifaranga, wanawe mikono kwa sabuni, kwa maana baadhi ya magonjwa ya tumbo la kuku huwapata watu.

Mwaka huu tumenunua tena 30. Safari hii moto uliwashwa saa tatu kabla ya motokari kufika, na usiku ule wa kwanza mke wangu nami tulipokezana kukesha. Tumepoteza wawili tu. Minervali ya muhula wa kwanza imekwisha kulipwa.

Ndugu msomaji, ukitaka kununua vifaranga, tayarisha kwanza makala, matandiko makavu na maji safi. Ukikosa kimoja cha hivyo vitatu, ngojea mpaka ukipate, ndipo ununue.