Utambulisho wa Kazi ya Mwalimu Ukae Ndani ya Kazi Yenyewe

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu aghalabu huambiwa wenye maduka na wenye mashamba, lakini mwalimu naye ana mali yake. Mali hiyo ni maandalio ya masomo, maazimio ya kazi, mazoezi, majaribio, picha na michoro aliyoikusanya mwaka baada ya mwaka. Zamani mali hiyo ilikaa katika madaftari na majalada. Leo sehemu kubwa yake imo katika kompyuta na vishikwambi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile kwisha, hata mwalimu wa shule ya msingi iliyo mbali na mji akawa na chombo cha kuhifadhia kazi yake.

Katika makala haya nakusudia kueleza hasara moja ambayo haijapewa nafasi ya kutosha katika mafunzo yetu. Mwalimu anapobadilisha mfumo endeshi wa kompyuta, yaani programu kuu inayoziendesha programu nyingine zote, faili zake huweza kubaki salama huku maelezo yaliyozihusu yakipotea. Maoni yangu ni kwamba hasara hiyo yaweza kuzuiwa chuoni, kabla mwanachuo hajapangiwa kituo cha kazi. Hana budi kuzoezwa kuandika utambulisho wa kazi ndani ya kazi yenyewe na katika jina lake, asiuweke mahali ambapo ni mashine moja tu, au toleo moja tu la programu, linaloweza kuusoma.

Faili na utambulisho wake

Yafaa kwanza ieleweke kwamba kila faili ina mambo mawili. La kwanza ni yaliyomo: maneno, hesabu, picha au sauti. La pili ni utambulisho: nani aliyeitayarisha, lini, kwa darasa gani, kwa mtaala upi, ni toleo la ngapi, na mwenyewe alikuwa na maoni gani juu yake.

Sisi tulio hapa Ubaruku, katika Wilaya ya Mbarali, tunaweza kulieleza jambo hili kwa gunia la mpunga. Ukiingia ghalani utakuta magunia yamepangwa, na juu ya kila gunia pameandikwa jina la mwenyewe na aina ya mpunga. Ikiwa mpunga utahamishiwa katika magunia mapya na hakuna aliyenakili maandishi yale, hakuna punje itakayopungua. Mizani itatoa uzito ule ule. Hata hivyo, msimu wa kupanda ukifika, mkulima hatajua lipi ni gunia la mbegu ya SARO 5 na lipi ni la mchanganyiko wa kula nyumbani. Mpunga upo, ila matumizi yake yamepotea. Ndivyo ilivyo kwa faili iliyopoteza utambulisho wake.

Jinsi utambulisho unavyopotea

Jambo hili limekwisha kutokea ulimwenguni, na linafaa kuchunguzwa na kila mwalimu. Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa mfumo endeshi wa Windows XP. Katika mfumo huo, ikiwa diski ilipangwa kwa utaratibu uitwao NTFS, mtumiaji aliweza kufungua dirisha la sifa za faili na kuandika humo kichwa cha kazi, jina la mwandishi, maneno ya kutafutia na maoni yake. Aliweza kufanya hivyo hata kwa faili ya maandishi matupu, ambayo kwa asili yake haina mahali pa kuwekea mambo hayo. Kwa mtu mwenye faili nyingi huo ulikuwa msaada mkubwa.

Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa watu wote Januari 2007, nafasi hiyo ilikuwa imeondolewa. Faili za Word na picha za aina ya JPEG ziliendelea kuonyesha utambulisho wake, kwa sababu zina mahali pa kuuwekea ndani ya faili zenyewe. Faili za maandishi matupu hazikuwa na bahati hiyo. Maelezo yake yalikuwa yamewekwa kando, yakitegemea utaratibu wa diski. Aliyehamia mfumo mpya juu ya diski ile ile bado alikuwa nayo maelezo hayo, lakini dirisha la kuyasomea halikuwapo tena. Na aliyezinakili faili zake kwenye flashi ya kawaida, ambayo haikupangwa kwa utaratibu wa NTFS, aliyaacha nyuma kabisa.

Watumiaji wa kompyuta za Apple nao walionja jambo la namna hiyo. Mfumo wa Mac OS 9 uliwawezesha kutia faili lebo za rangi ili kutenganisha zilizokamilika na zisizokamilika. Mac OS X ilipotoka mwaka 2001, lebo hizo hazikuwamo. Zilirejeshwa katika toleo la 10.3, mwaka 2003. Kwa zaidi ya miaka miwili aliyetegemea rangi peke yake hakuwa na alama.

Utambulisho hupotea pia kwa njia ndogo ndogo za kila siku. Ukinakili faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine, tarehe ya kuundwa kwake katika Windows huwa ni siku ya kunakili. Kwa hiyo andalio la mwaka 2019 laweza kuonekana kana kwamba limezaliwa juma hili. Picha iliyopigwa kwa simu hubeba ndani yake tarehe, na pengine mahali ilipopigwa. Lakini ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo hayo huondolewa njiani. Mwalimu aliyepokea picha ya mfereji wa umwagiliaji kwa ajili ya somo hana njia ya kujua kutoka kwenye faili ile kama ni mfereji wa Bonde la Usangu au wa mahali pengine.

Tukiitazama mifano hii kwa pamoja, tutaona kanuni moja. Kilichoandikwa ndani ya kazi kilisafiri pamoja na kazi. Kilichotegemea chombo kilisalimika maadamu chombo kile na utaratibu wake vilikuwapo.

Mfano kutoka kwa watunzi wetu

Kanuni hii si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi wa mawaidha, aliutaja mwaka wa kutunga katika beti za mwisho: mwaka wa Hijria 1275, ambao ulianza mwaka 1858. Utendi ule uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye ulinakiliwa na watu mbalimbali, ukatiwa katika herufi za Kilatini, ukapigwa chapa kitabuni mwaka 1934, na leo unasomwa hata katika simu. Karatasi ilibadilika, herufi zilibadilika, na chombo cha kusomea kikabadilika. Tarehe haikupotea, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya shairi. Lau ingaliandikwa juu ya jalada la mswada ule wa kwanza peke yake, wasomaji wa leo wangalikuwa wanabahatisha.

Andalio la somo la karatasi nalo lilitungwa kwa busara hiyo. Juu kabisa pana tarehe, darasa, somo, kipindi, muda, na idadi ya wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria. Chini pana nafasi ya tathmini na maoni. Karatasi hiyo ikiokotwa njiani, msomaji ataijua ni ya nani na ilitumikaje. Tatizo linaanza pale mwalimu anapohamia kwenye kompyuta na kudhani kwamba mashine itamkumbukia mambo yale, hivyo akaanza kuandika hatua za somo moja kwa moja na kuipa faili jina la "somo jipya".

Hasara darasani

Huenda msomaji akauliza: je, ni jambo kubwa kiasi hicho? Naam, ni kubwa, kwa sababu mwisho wake huangukia kwa mtoto. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa Elimu ya Awali, Darasa la I na Darasa la III. Madarasa mengine yanaufikia kwa awamu. Kwa hiyo katika kompyuta ya shule moja huweza kuwamo maandalio ya mtaala uliotangulia na ya mtaala ulioboreshwa, yote ya Hisabati, na yote ya Darasa la III. Yasipotaja mtaala wake, mwalimu mgeni atachukua lolote, na watoto watafundishwa jambo lisilolingana na umahiri unaotakiwa.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kupotea kwa maoni. Mwalimu anapofundisha sehemu kwa kugawa embe na kugundua kwamba watoto walielewa haraka zaidi walipokunja karatasi, amepata elimu ambayo haimo katika kiongozi cha mwalimu. Ikiwa aliiandika elimu hiyo katika kisanduku cha maoni cha programu fulani, kisha programu ikabadilishwa, somo litabaki na ujuzi utakuwa umetoweka. Atakayemfuata ataanza tena kugawa embe.

Hoja za wanaopinga

Wako wanaosema kwamba kompyuta za siku hizi hutafuta zenyewe, basi hakuna haja ya kujisumbua. Ni kweli kwamba kompyuta hutafuta, lakini hutafuta kilichoandikwa. Ukiiamuru itafute neno "sehemu" italeta faili kumi na mbili. Haitakuambia ipi ilisahihishwa mwisho baada ya kufundishwa, kama hakuna aliyeandika hivyo.

Wengine husema kwamba mwalimu ana vipindi vingi na hana muda. Hoja hii ina uzito, na mkufunzi asiipuuze. Hata hivyo, kuandika mistari sita juu ya ukurasa huchukua dakika mbili, na mistari hiyo yaweza kutengenezwa mara moja tu na kunakiliwa katika kila andalio. Kuzifungua faili mia moja ili kuzitambua upya huchukua likizo nzima.

Mambo ya kufanya

Napendekeza mwanachuo azoezwe mambo yafuatayo tangu muhula wa kwanza, nasi wakufunzi tuyakague katika mazoezi ya kufundisha kama tunavyokagua zana.

1. Jina la faili lijieleze. Lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, likifuatwa na somo, darasa, mada na toleo. Kwa mfano: 2026-02-16 Hisabati Darasa la III Sehemu Toleo la 2. Mwaka ukitangulia, faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati katika mashine yoyote.

2. Ukurasa wa kwanza ubebe utambulisho kamili: mwandaaji, shule, darasa, mtaala, tarehe na toleo. Uandikwe kwa maneno ya kawaida, usitegemee rangi wala alama za programu.

3. Maoni baada ya kufundisha yaandikwe mwishoni mwa andalio lenyewe, siku ile ile.

4. Picha iandikiwe maelezo chini yake mara iwekwapo katika somo: ni ya nini, ilipigwa wapi na lini.

5. Shule iwe na daftari la karatasi lenye orodha ya faili muhimu na mahali zilipo.

6. Kabla ya kubadilisha mfumo endeshi, faili chache zinakiliwe kwenye flashi na kufunguliwa katika kompyuta nyingine. Kinachoonekana huko ndicho kitakachosalimika. Kisichoonekana kihamishiwe ndani ya faili kabla ya kubadilisha chochote.

Jambo la sita lina haraka yake. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zitahamishiwa mfumo mwingine au kuachwa. Walimu wengi watakaokuwa mbele ya kompyuta hizo siku ya kuhamisha ni hawa tunaowafunza sasa.

Tusisahau kwamba mazoea haya ni somo la darasani pia. Mtoto wa Darasa la I anayefundishwa kuandika jina na tarehe juu ya mchoro wake ameanza kujifunza utunzaji wa kumbukumbu. Katika Sayansi, wanafunzi wa Ubaruku wanaweza kukusanya mbegu za mpunga za aina mbalimbali, kila aina katika bahasha yake, huku kikaratasi cha maelezo kikiwekwa nje na kingine ndani. Kisha mwalimu abadilishe bahasha na kuwauliza ni aina zipi bado wanazitambua, na kwa nini. Watoto wataipata kanuni kwa mikono yao kabla hawajaigusa kompyuta.

Mifumo endeshi itaendelea kubadilishwa, wala hatutaulizwa sisi kabla ya nafasi fulani kuondolewa. Hilo halimo katika uwezo wetu. Lililo katika uwezo wetu ni kuhakikisha kwamba atakayeifungua kazi yetu, kwa chombo chochote, atajua ni ya nani, ni ya lini, ilifundishwa kwa nani, na ilifaa kwa kiasi gani. Ndugu mwanachuo, lifungue andalio lako la juma hili na ulitazame kwa macho ya mwalimu atakayekurithi. Kama hawezi kuyajua hayo manne kwa kuusoma ukurasa wako tu, basi kazi hiyo haijakamilika.