ANAYEMWAGA MBOGA ILIYOLALA ASILAUMIWE

Ndugu wanaushirika,

Siku za kazi ya pamoja shambani tunapika sufuria kubwa ya maharage ya nazi. Yanayobaki hufunikwa, hulala jikoni, na asubuhi wanapewa watoto kabla ya kwenda shule. Mama akisema yamwagwe, anaambiwa eti anafuja mali. Sisi tunasema huyo ndiye anayeilinda mali ya kijiji.

Tunajua maharage yale yana jasho letu. Lakini wapo wenzetu wanaodai, "Chemsheni tu, moto unaua kila kitu." Si kweli. Moto huua vijidudu vingi, sawa. Lakini baadhi yao, vikishapata muda wa kuzaana ndani ya chakula cha uvuguvugu, huacha sumu isiyoondoka hata ukichemsha vipi. Na sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa na uvuguvugu saa nyingi. Mchuzi wa nazi ndio kabisa, huchacha upesi.

Dalili za mboga iliyoharibika ni hizi: inatoa povu wala haiko motoni, harufu imegeuka kuwa ya uchachu, mchuzi unavutika, na wala si bamia wala mlenda, au juu pameota ukungu. Ukiona moja tu, mwaga. Usionje kwanza ili uhakikishe. Na jamani, tusiiamini pua peke yake. Mboga inaweza kunukia vizuri, kumbe ina madhara. Kwa hiyo tuhesabu muda.

Mboga ikishaepuliwa isikae nje zaidi ya muda wa saa 2; siku ya joto kali, saa 1. Ya kubakiza itengwe mapema, kabla watu hawajaanza kuchota. Imiminwe kwenye vyombo vipana, kina kidogo, vikalishwe ndani ya beseni la maji baridi ili ipoe upesi. Mwenye jokofu aiweke humo, baridi isizidi nyuzi 4, na aile ndani ya siku 3. Siku ya kuila achukue kiasi anachokula, akichemshe mpaka kitokote chote, si pembeni tu. Asiye na jokofu asibakize.

Basi dawa ni kutopika kupita kiasi. Tunaomba wapishi wapime maharage kwa idadi ya majembe yaliyofika shambani, si kwa ukubwa wa sufuria. Kikizidi, kigawiwe palepale mchana, kingali cha moto, watu wakale.

Kibaba cha maharage kikimwagwa, msimu ujao tutavuna kingine. Mtoto akiharisha mpaka akaishiwa maji mwilini, tutamvuna wapi mwingine?

Tupike kwa hesabu, tule kingali moto!