MJINI SHULE: Kompyuta ya gemu Kariakoo, usinunue taa!

Wiki hii nina barua mkononi ya kijana mmoja wa Ilala Bungoni, muuza chipsi. Anasema amechanga tangu mwezi Machi na sasa anazo laki saba taslimu. Anataka kompyuta ya kuchezea gemu nyumbani, amechoka kupanga foleni kwenye kibanda cha PlayStation na kulipia kila mechi. Juzi kapita Kariakoo, kaona boksi limejaa taa za rangi kama disko, mbele limebandikwa stika ya i7. Muuzaji kamwambia, "Hii kaka inapiga gemu zote." Anauliza achukue au aache.

Aache! Laki saba ya mafuta ya chipsi si fedha ya kununulia taa.

Hebu tuanze na hiyo stika. Watu wengi mjini wanadhani i7 ni i7 tu, kama vile pilau ni pilau. Kumbe i7 ya kwanza ilitoka mwaka 2008! Kinachotakiwa kusomwa ni namba inayofuata. Ukiona i7-870, tarakimu tatu tu, hicho ni kizazi cha kwanza, mzee kabisa, na gemu nyingi za siku hizi hazitawaka hata ukiisomea dua, kwani prosesa hiyo haina amri ziitwazo AVX ambazo gemu hizo zinazihitaji. Lakini i5-3470 ni kizazi cha 3, cha mwaka 2012. i5-8500 ni kizazi cha 8. Kuanzia cha 10 tarakimu zinakuwa tano, mfano i5-10400. Stika inaweza kubandikwa na yeyote mwenye mkono, kwa hiyo mwambie muuzaji awashe mashine, bofya kulia kwenye "This PC", ingia "Properties", usome mwenyewe kwa macho yako mawili.

Sasa kwa mwenye laki saba njia ipo, na wajanja wa mjini wanaijua. Unachukua kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, halafu unaichomekea kadi ya grafiki. Mashine hizi zimefanya kazi za mahesabu na barua miaka nenda rudi, hazijawahi kukimbizwa. Tena zinazidi kutupwa na ofisi za nje kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka rasmi kizazi cha 8 kwenda juu. Kinachotupwa na mhasibu wa Ulaya, wewe unakipigia gemu. (Vijana hamjui tu: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kabisa kuingiza kompyuta nchini. Leo mnachagua rangi ya taa!)

Mfano mzuri ni OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Ndani yake mara nyingi utaikuta hiyo hiyo i5-3470 niliyoitaja. Basi nenda kasome masharti ya GTA V ya awali, ile iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2015: prosesa waliyoipendekeza wenyewe ni i5-3470, na RAM GB 8. Yaani boksi la kijivu lisilotazamwa na mtu ndilo lililotajwa na wenye gemu yao. Ila kama roho yako iko kwenye mpira, sikiliza: EA Sports FC 24 inaanzia i5-6600K, yaani kizazi cha 6, na kadi ya GTX 1050 Ti yenye GB 4. Kwa hiyo kabla hujapanda daladala jiulize unataka kucheza nini. Hilo ndilo linaloamua unanunua nini, siyo muuzaji.

Chukua ile ya mnara, yaani boksi nene la kusimama. Vile vyembamba vinapendeza mezani lakini vinataka kadi fupi, ambazo ni adimu na bei yake imechangamka, na kwa joto letu hili la Dar ndani mnakuwa jiko.

Kadi ndiyo roho ya gemu. Na hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini. Pawasaplai ya OptiPlex 7010 ya mnara ni wati 275 tu, na haina ule waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kwa hiyo unatafuta kadi inayokula umeme kupitia tundu la mazabodi peke yake, na mwisho wa tundu hilo ni wati 75. Zinazofaa ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019, mradi isiwe ile yenye kitundu cha waya wa ziada juu. Usije ukanunua kadi kubwa kwa sababu ni ya bei poa halafu ukaambiwa na fundi, "Sasa broo tutafute na pawasaplai." Baadhi ya Dell, kama 9020, hazipokei hata pawasaplai ya kawaida bila adapta. Hapo fedha ya godoro inakwenda.

Kuna nyingine ndogo, GT 1030. Hii ina mapacha wasiofanana: moja ina memori ya GDDR5, nyingine DDR4, jina lile lile na boksi karibu lile lile, lakini ya DDR4 inajikokota vibaya sana. Soma maandishi madogo.

Halafu kuna feki. Wahuni huchukua kadi ya zamani, wakaibadilishia programu ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Ukiona kadi inaitwa hivyo halafu ina tundu la buluu la VGA, shtuka, rudisha mkono mfukoni. Beba flashi yenye programu ndogo ya GPU-Z, ni ya bure. Tangu mwaka 2018 inaweza kukuandikia neno FAKE kabisa. Muuzaji akikataa usiijaribu, mshukuru kwa upole na uondoke. Duka si moja, kutoka kona ya Uhuru na Msimbazi mpaka Aggrey utachoka mwenyewe.

Ukifika huko utapokewa na winga. Si mtu mbaya, naye anatafuta ugali, lakini duka si lake na chake ataongeza juu ya bei yako. Ulizia bei maduka matatu ukiwa peke yako. Mashine pekee ikitaka kumeza zaidi ya nusu ya laki saba yako, toka, maana kadi bado. Na risiti udai, bila risiti hiyo garantii ya mdomo inaishia mlangoni.

RAM isipungue GB 8, na bora vipande viwili vya 4 kuliko kimoja cha 8, kwa kuwa viwili hufanya kazi pamoja. Ya 7010 ni DDR3, usiletewe DDR4, haiingii. Diski, weka SSD ya kuwashia hata ndogo, ile hadidiski ya zamani ibaki stoo ya gemu. FC 24 peke yake inataka GB 100.

Umeme sasa. Huu wetu unapanda na kushuka, na mgao wa mwaka 2023 hamjausahau. Mashine isichomekwe ukutani moja kwa moja, nunua stabilaiza. Nyuma ya pawasaplai nyingine kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa 115 ukawasha hapa kwetu, utasikia "paa!" na harufu, basi tena.

Monita si lazima, televisheni ya sebuleni yenye HDMI inatosha, ukipatana na mama muda wa tamthilia. Waya uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye matundu ya mazabodi pale juu. Wapo waliokwisha kurudi dukani kugombana kwamba kadi ni mbovu, kumbe waya.