Mtoto Asitumwe Kudai Mirathi

We Were Liars ni riwaya ya vijana ya mwandishi wa Kimarekani E. Lockhart, iliyotolewa mwaka 2014 na Delacorte Press ya New York. E. Lockhart ni jina la kalamu. Mwandishi mwenyewe anaitwa Emily Jenkins, na kwa jina hilo huwaandikia watoto wadogo vitabu vya picha. Madukani riwaya hii huwekwa pamoja na vitabu vya taharuki, na wachapishaji waliwaomba wasomaji wasimwambie mtu yeyote inavyomalizika. Ombi hilo lilisaidia kuuza kitabu, ila lilikifanya kionekane kama kitendawili kisicho na zaidi ya jibu lake. Ndani yake mna jambo zito kuliko kitendawili, nalo ni la wazee kugombea mali na kuwatuma watoto wao wakaidai kwa niaba yao. Jambo hilo halielezeki pasipo kutaja mwisho wa kisa. Anayetaka kuukuta mwisho huo mwenyewe aiweke makala hii kando, asome kitabu kwanza.

Kisa kinatokea Beechwood, kisiwa cha kubuni karibu na Martha's Vineyard katika pwani ya Massachusetts. Kisiwa chote ni mali ya mzee mmoja, Harris Sinclair. Yeye anakaa Clairmont, nyumba kubwa, na kila binti wake kati ya watatu amejengewa nyumba yake: Carrie anakaa Red Gate, Penny anakaa Windemere, Bess anakaa Cuddledown. Kila kiangazi ukoo wote hukusanyika hapo. Wajukuu watatu wakubwa, Cadence, Johnny na Mirren, wanacheza pamoja na Gat, mpwa wa Ed, mwanamume anayeishi na Carrie. Ukoo umewabandika wanne hao jina la Waongo kwa sababu ya utundu wao. Gat ana asili ya Kihindi, na mzee Harris hajapata kumkubali Ed wala mpwa wake, ingawa hamkaripii mtu hadharani. Sinclair hawagombani hadharani. Hawalii mbele ya watu, na jambo likiuma halitajwi.

Msimulizi ni Cadence, mtoto wa Penny. Alipokuwa na miaka 15 alipatwa na ajali kisiwani, akaokotwa ufukweni. Tangu hapo kipandauso kinamlaza siku nzima nzima, na habari za kiangazi hicho zimemtoka kichwani kabisa. Anarudi Beechwood akiwa na miaka 17 kutafuta kilichompata. Msomaji aliyezoea hadithi za Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, atangoja mtu wa nje aje na kiko chake aulize maswali. Hapa haji mtu. Mpelelezi, shahidi na mtuhumiwa ni binti mmoja, na faili la kesi limo kichwani mwake, tena kurasa zake zimechanwa.

Kinachorudi kwanza katika kumbukumbu zake ni ugomvi. Tipper, mke wa Harris, amefariki, na mabinti wamebaki na baba mwenye fedha na upweke. Wote watatu wameachana na waume zao, na wote wanaishi kwa fedha za baba. Wanaanza na vitu vidogo: vitambaa vya meza vya marehemu mama yao, lulu zake nyeusi, vinyago vyake vya pembe za ndovu. Kisha wanafika kwenye nyumba. Mzee naye hawatulizi. Leo anamdokezea huyu, kesho yule, siku nyingine anasema huenda mali ikaenda Chuo Kikuu cha Harvard. Anafurahi kubembelezwa. Lockhart hafichi kwamba amemchota mzee huyu kwa Shakespeare: Harris ni King Lear aliyevaa nguo za kiangazi, anayewashindanisha mabinti watatu kwa upendo wanaoweza kuutamka.

Shakespeare aliwaacha mabinti wajisemee wenyewe. Mabinti wa Harris wanawatuma watoto. Penny anamhimiza Cadence amweleze babu jinsi anavyoipenda Windemere. Johnny na Mirren nao wanasukumwa hivyo hivyo na mama zao, kila mmoja akakumbushe kwamba yeye ni mjukuu na nyumba fulani inamfaa. Hakuna anayepigwa wala kutukanwa. Mtoto anaambiwa tu akae karibu na babu, aseme neno zuri, na neno hilo limekwisha kupangwa. Hapa ndipo mzazi anapopaswa kusimama asome polepole. Kisheria mtoto wa miaka 15 hauzi kiwanja wala hatii saini wosia, lakini watu wazima walewale wanaojua hivyo humkabidhi kazi ya kulainisha moyo wa mwenye mali. Akishindwa, anajiona ameiponza nyumba ya mama yake. Akifaulu, amemnyang'anya binamu yake. Kwa vyovyote anajifunza kwamba mapenzi ya babu yana bei, na kwamba yeye ndiye noti inayolipia.

Ni kweli ukoo wa Sinclair ni matajiri Wazungu wenye kisiwa kizima, na msomaji wa Kiswahili anaweza kuona hayamhusu. Wingi wa mali haubadilishi kitu. Nyumba moja ya vyumba vinne iliyoachwa bila maelekezo yaweza kuzaa mashindano yale yale, na mtoto kutumwa kwa bibi na maneno yaliyofundishwa mlangoni. Tena katika kitabu hiki kosa la kwanza si la mabinti. Ni la mwenye mali mwenyewe, aliyeweza kukata shauri siku moja, akaliandika, akalitangaza mbele ya wote. Badala yake aliuacha uamuzi uning'inie kwa sababu kuning'inia kwake kulimpa utii. Mzee mwenye watoto hana udhuru wa kufanya hivyo. Kama ameamua, aseme. Kama hajaamua, asimdokezee mmoja pembeni.

Waongo wanne wanachoka. Wanayachukua baadhi ya mapambo ya bibi na kuyavunja, kisha wanakata shauri kubwa zaidi. Watu wazima wanapokosana vibaya na kuondoka kisiwani, wanne wanabaki nyuma na kuitia moto Clairmont kwa petroli, wakiamini kwamba nyumba inayogombewa ikitoweka, mama zao watalia pamoja na kupatana. Ni mantiki ya kitoto, lakini imejengwa juu ya jambo walilofundishwa na wakubwa, kwamba kila kitu katika ukoo huu kinaanzia kwenye nyumba na kuishia kwenye nyumba. Moto unakwenda kasi kuliko walivyokadiria. Anayetoka hai ni Cadence peke yake. Johnny, Mirren na Gat wanafia ndani, pamoja na mbwa wawili wa babu waliosahauliwa. Johnny, Mirren na Gat ambao Cadence amekuwa akizungumza nao kiangazi chote cha miaka 17 ni mizuka, au ni kazi ya akili iliyokataa kuukubali msiba. Mwandishi haamui ni lipi kati ya hayo mawili, na amefanya vyema kutoamua.

Wapo wanaosema kujua mwisho huu kunakiua kitabu. Dai hilo ni dhaifu. Riwaya ya siri hupimwa kwa usomaji wa pili, na hii inaupita mtihani huo. Kwa mara ya pili msomaji anaona kwamba hakuna mtu mzima anayezungumza na wale watatu, na kwamba hawaketi kwenye meza ya chakula cha jioni. Carrie anatembea usiku akiwa na koti la Johnny. Babu anamwita Cadence kwa jina la Mirren, na msomaji wa mara ya kwanza alidhani ni uzee tu. Mtoto mdogo wa Bess, Taft, anasema waziwazi kwamba Cuddledown ina mizuka, na hakuna anayemsikiliza. Lisemwalo lipo. Mwandishi aliweka ushahidi wote mezani, akategemea kwamba msomaji naye, kama ukoo wa Sinclair, atatazama pembeni.

Ukimya huo una sura mbili, na wakosoaji wengi huitaja moja tu. Kabla ya moto ulikuwa ukimya wa kiburi. Baada ya moto umekuwa pia ukimya wa huruma: Penny alikwisha kumweleza binti yake ukweli zaidi ya mara moja, naye kila mara akausahau, mpaka madaktari wakashauri aachwe akumbuke mwenyewe. Si haki kumlaumu mama huyo kwa kuficha. Lakini nyumba ambayo tangu zamani ilikataza machozi haikuwa na namna nyingine ya kumsaidia mgonjwa wake. Wazazi wanaodhani kwamba kunyamaza ni kumlinda mtoto watazame hapa: mtoto anapata maumivu yote ya jambo bila kulijua jambo lenyewe.

Kitabu kina upungufu wake. Cadence anapenda kutia chumvi, na mwanzoni kabisa anaeleza baba yake alivyoondoka kana kwamba alimpiga risasi kifuani. Kijana asiyezoea tamathali anaweza kuamini kuna damu kweli. Sentensi zinakatwa vipandevipande kama shairi, na mara nyingine mkato huo ni pambo tu. Gat, anayemuuliza Cadence kama anayajua hata majina ya watumishi wa nyumbani kwao, anastahili kurasa nyingi kuliko alizopewa. Hata hivyo si kitabu cha kumnyima mwanafunzi wa sekondari. Mwalimu au mzazi akisome pamoja naye, hasa sura za mama na binti, kisha amwache kijana aulize. Maswali mengine yatahusu nyumba yao wenyewe, na hayo nayo yajibiwe.

Mwaka 2022 Lockhart alitoa Family of Liars, inayorudi nyuma hadi ujana wa Carrie na dada zake katika kisiwa kilekile na kuonyesha kwamba kuficha kulianza kizazi kimoja kabla. Ingawa matukio yake ni ya zamani zaidi, isisomwe kwanza, maana Carrie anaisimulia kwa mzuka wa Johnny tangu kurasa za mwanzo. Tamthilia ya televisheni iliyotengenezwa kutokana na riwaya ya kwanza ilianza kuonyeshwa Prime Video mwaka 2025. Kwa kijana ambaye bado hajasoma, tamthilia nayo ingoje.