Samaki wa Taifa Anayeishia Tangini

Mnamo Februari 2019 serikali ya Thailandi ilimtangaza samaki mpiganaji kuwa mnyama wa majini wa taifa. Wathai humwita pla kat, yaani samaki mng'ataji, na uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba amefugwa kwa muda usiopungua miaka 1,000. Ninalojiuliza ni hili: ni samaki yupi hasa aliyevishwa taji?

Yule tumwonaye madukani, mwenye mapezi marefu kama kanga upeponi, ni zao la mkono wa binadamu. Ndugu zake wa mwituni wana mapezi mafupi, nao huishi vinamasini na katika mashamba ya mpunga. Mmoja wao, aliyepewa jina la kisayansi Betta mahachaiensis mwaka wa 2012, hukaa katika maji ya chumvichumvi, penye mitende ya kinamasi iitwayo nipa, mkoani Samut Sakhon karibu na Bangkok. Ni mkoa wa viwanda. Isitoshe, uchunguzi ule wa 2022 ulibaini kuwa damu ya samaki wa kufugwa imekwisha kuingia katika spishi za mwituni. Anayemwachilia samaki wake mtoni kwa huruma huenda akafuta asichoweza kukiandika tena. (Sisi wanaisimu tumeyaona hayo katika lugha ndogo zinazomezwa na jirani mkubwa.)

Wako wafugaji wawekao samaki mwitu nyumbani wakidai kuwa wanawahifadhi. Dai hilo silikatai, ila nalitilia sharti. Kumtunza si kazi kubwa: huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo hahitaji mashine ya kupulizia hewa, tangi lifunikwe, maana huruka, na majani makavu ya mkungu, mti uleule unaotutilia kivuli Mombasa, huyapa maji rangi ya chai na uchachu kidogo. Lililo gumu ni daftari. Mfugaji asiyejua samaki wake walitoka kinamasi kipi, akawachanganya kwa kuwa wanafanana, amehifadhi umbo tu. Naye anunuaye waliovuliwa mwituni, bila kuuliza, anakipunguza kile anachodai kukilinda.

Hata mwenye daftari safi ana vifaranga wa tangini tu. Siku ya kuwarudisha, itabidi mitende ile iwe ingalipo.