Karata Iliyogeuzwa Uso Chini



Mwishoni mwa mwezi wa nane, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, lori lililotoka Kolwezi lilimshusha hapa Sandoa msichana wa miaka kumi na mitatu. Alikuwa na begi moja, daftari za mwaka uliopita, na barua. Barua iliandikwa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni mke wa kaka yake msichana huyo. Ilisema kwa ufupi kwamba mtoto arudi kwa wazazi wake, kwa kuwa nyumba imekosa amani. Kosa halikutajwa. Wazazi wake, ambao ni majirani zetu, waliniletea barua hiyo wakaniuliza: "Baba Katekista, mtoto wetu amefanya nini?" Sikuwa na jibu la kuwapa.

Nilimpigia simu mpwa wangu jioni tatu mfululizo ndipo nikaupata ukweli. Nauandika hapa kwa ruhusa yake.

Ameolewa miaka minne, na mimba mbili zimeharibika. Baada ya ile ya kwanza, rafiki yake aliyerudi kutoka Ubelgiji alimzawadia kasha la karata za taroti. Akamweleza kwamba si ramli wala uchawi, bali ni kioo cha nafsi: kila asubuhi unazichanga, unavuta moja, unaitazama kwa utulivu na kujiuliza inakuambia nini juu yako mwenyewe. Mpwa wangu ni mwalimu kama mimi, na hapendi mambo ya gizani. Alizipenda karata hizo kwa sababu ya picha zake. Kwa miezi kadhaa zilimsaidia. Yeye anasema hivyo, nami namwamini, maana kabla ya hapo hakuwa akisema neno lolote juu ya huzuni yake, hata kwa mumewe.

Kisha mimba ya pili ikaharibika. Wiki iliyofuata alivuta Saba ya Panga. Katika picha hiyo mtu anaondoka penye mahema kwa kunyata, amekumbatia panga tano, mbili ameziacha nyuma, na anageuza shingo kuangalia kama ameonekana. Kijitabu kilichofuatana na karata kilieleza kwamba maana yake ni hila na wizi. Mpwa wangu aliinua macho, na aliyekuwa akipita uani wakati huo, amebeba ndoo ya maji, ni wifi yake mdogo.

"Mjomba, sikumtuhumu," aliniambia. "Niliona tu."

Nimeyatafakari sana maneno hayo mawili ya mwisho. Kabla ya kueleza kwa nini, yafaa tujue karata hizi ni nini, kwa sababu wako wanaozihubiri kuwa zilitengenezwa na shetani, na wako wanaozisifu kuwa ni hekima ya mafarao. Wote wawili wanakosea. Karata za taroti zilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, zikawa mchezo wa watu wa makasri. Ni 78 kwa jumla: 56 zinazofanana na karata za kawaida, zenye fimbo, vikombe, panga na sarafu, na 22 zenye picha kubwa. Katika hizo 22 yumo Papa, na malaika mwenye tarumbeta ya hukumu. Yamo pia Haki, Nguvu na Kiasi. Katekista ataona mara moja kwamba kati ya fadhila kuu nne tunazowafundisha watoto, iliyokosekana kwa jina ni Busara. Sitaki kulitilia uzito jambo hilo, lakini lilinichekesha.

Watu walicheza karata hizo zaidi ya miaka mia tatu kabla ya kuzipa kazi nyingine. Mwaka 1781 huko Ufaransa, Court de Gébelin aliandika kwamba ni kitabu cha siri cha Wamisri wa kale, bila ushahidi wowote. Miaka michache baadaye Mfaransa mwingine, aliyejiita Etteilla, alichapa karata mahususi za kutabiria. Zile alizopewa mpwa wangu ni za mfano uliotolewa London mwaka 1909. Picha zake zilichorwa na mwanamke mmoja, Pamela Colman Smith, ambaye mwaka 1911 aliingia katika Kanisa Katoliki. Hivyo mwizi yule anayenyata alichorwa na mtu ambaye miaka miwili baadaye alikuwa dada yetu katika imani.

Karatasi, basi, ni karatasi. Mapepo hayakai katika wino. Lakini Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2116, inakataa namna zote za kuagua, ikitaja nyota, viganja, ishara na kura, na sisi watu wa Lualaba tuna sababu yetu wenyewe ya kulielewa katazo hilo, kwa kuwa tuna kikapu.

Vijana wa mjini hawakijui tena, au wanajifanya hawakijui. Wachokwe hukiita ngombo ya cisuka, na anayekitikisa huitwa tahi. Ndani yake kuna vitu vidogo vingi: vinyago, mbegu, kucha, pembe, vipande vya mifupa. Tahi hutikisa kikapu, hutazama ni vitu gani vimepanda juu na vimekaa jirani na vipi, huuliza, kisha hutikisa tena. Ng'ambo ya mpaka, Mwinilunga nchini Zambia, wako ndugu zetu Wandembu, ambao husimulia kwamba walitoka kwa Mwant Yav. Huko Victor Turner, mtaalamu kutoka Uingereza ambaye naye aliingia Kanisa Katoliki, alivichunguza vinyago hivyo katika miaka ya 1950. Kimoja ni Chamutang'a, mwanamume aliyejikunyata, viwiko magotini, kidevu mikononi: mtu asiyeweza kuamua. Kingine ni Katwambimbi, ambaye huweka mikono kichwani akilia: mchongezi anayepeleka maneno kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, halafu huomboleza kwenye msiba alioupalilia mwenyewe. Nani asiyemjua Katwambimbi katika mtaa wake? Wazee waliochonga vitu hivyo walimfahamu binadamu barabara. Leo vikapu vya namna hiyo vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya, nasi tunaletewa karata za Ulaya. Kila mmoja amevutiwa na picha za mwenzake.

Lakini kikapu hakikuulizwa, "Mimi ni mtu wa namna gani?" Kiliulizwa, "Ni nani?"

Nilipokuwa na miaka kumi, mdogo wangu alikufa kwa surua. Wazee wa ukoo walisafiri kwenda kwa tahi wa mbali, asiyetujua, kama ilivyokuwa desturi, ili asiwe na upendeleo. Walirudi na jina la dada wa nyanya yangu, mjane asiye na mtoto. Tahi hakuwa amewahi kumwona. Alitikisa na kuuliza, wao wakajibu, na kwa kila jibu njia ikapungua upana mpaka ikafika mlangoni pa mwanamke ambaye tayari walikuwa wakimtazama kwa jicho baya kabla ya kuondoka nyumbani. Jina walilolipeleka ndilo waliloletewa. Mjane yule alihamia kibanda kilichokuwa mwisho wa mashamba. Mara moja mama yangu, kwa siri, alinituma nimpelekee unga wa muhogo. Niliuweka mlangoni nikakimbia. Alikufa nilipokuwa katika masomo ya ualimu, na tangu siku ile ya unga sikuwa nimemsalimu hata mara moja.

Kwa sababu hiyo, niliposikia "Niliona tu," nilishindwa kulala. Wazee wetu nao waliona tu.

Mtu atasema kwamba nafananisha vitu viwili tofauti: kikapu kilitafuta mkosaji, karata inatafuta tafakari. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kasha, nakubali. Lakini mtu aliyefiwa hachagui kwa urahisi swali atakaloliuliza moyoni. Anayaweka maneno "Mimi nikoje?" mdomoni, huku moyo unauliza "Ni nani?" Na tena, nisemalo sasa litawashangaza baadhi yenu: katika jambo moja kikapu kilikuwa na afadhali. Mbele ya tahi palikuwa na mkutano. Wajomba walikuwapo, walisikia maswali na majibu, na aliyetaka kubisha aliweza kubisha. Mpwa wangu alikuwa peke yake chumbani saa kumi na mbili asubuhi. Alichanga mwenyewe, akavuta na kufasiri mwenyewe, na wakati wote huo hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Hapana, mwanangu."

Rafiki mmoja katika chama chetu alinikumbusha kwamba hata Mitume walipiga kura kumpata Matia, na kwamba Mtakatifu Fransisko, baba wa mapadri walioihubiri Injili huku kwetu Lulua, alifungua kitabu cha Injili mara tatu ili ajue la kufanya. Ni kweli. Lakini Mitume walikuwa kwanza wamewasimamisha watu wawili wanaofaa na kusali, na kura ilimpa mtu kazi, haikumpa mtu hatia. Fransisko naye alitafuta amri ya kumpasa yeye mwenyewe, na alipoipata aliitii siku hiyohiyo kwa hasara yake. Mtakatifu Augustino, katika barua yake kwa Januario, aliwasema waliokuwa wakitafuta bahati zao katika kurasa za Injili. Aliona ni afadhali kuliko kuwaendea mapepo, ila hakupendezwa nayo. Nami nafuata hukumu yake.

Mwezi wa kumi mpwa wangu alikuja Sandoa. Sikumwambia achome karata zake. Najua wengine wenu mtanilaumu, lakini kuchoma karatasi mbele ya watu ni kuikiri kuwa na nguvu, na tumekwisha kuona mioto ya namna hiyo ikiishia kwa watu. Nilimwomba azitandaze zote 78 juu ya meza, uso juu, kisha achague kwa macho yake mwenyewe ile inayofanana naye. Sharti langu lilikuwa moja: katika jibu lake asitajwe mtu mwingine yeyote.

Alichelewa sana. Mwishowe aliweka kidole juu ya Tano ya Vikombe: mtu mwenye joho jeusi ameinamisha kichwa akitazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake vimesimama viwili ambavyo havioni. Alilia, na dada yangu alilia naye. Mwizi hakutajwa tena jioni hiyo, kwa sababu hakukuwa na wizi wowote, ulikuwa msiba ambao haukuwahi kuombolezwa. Kwetu mimba iliyoharibika haiwekewi matanga, na pengine hilo nalo tulizungumze siku moja katika jumuiya zetu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Picha si adui wa sala. Kanisani kwetu tunazo za Njia ya Msalaba, na mama anayepokea mwili wa mwanawe katika kituo cha kumi na tatu angemfaa mpwa wangu kuliko karata yoyote. Hatari huanza pale picha inapogeuzwa uso chini na bahati ikapewa nafasi ya kusema, kwa maana hapo mtu huweza kufikiri jambo baya na kusema kwamba ameambiwa. Anayetaka kujichunguza jioni anao utaratibu wa Mtakatifu Inyasi, ambao Mazoezi yake ya kiroho yalikubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku, kutubu, kuazimia. Katika utaratibu huo hakuna kinachovutwa. Siku unayoipitia ni ile uliyoiishi, na baadaye unaweza kuipeleka kwa padri katika kitubio, mahali ambapo yuko mtu wa kukukatiza ukianza kuungama dhambi za wifi yako.

Na tusisahau kwamba sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi. Mpwa wangu hakulitamka neno hilo. Lakini mtoto akirudishwa kwao kwa lori bila sababu, kijiji kitaitafuta sababu chenyewe. Katika wiki ya pili ya mwezi wa tisa nilisikia wanawake wawili kisimani wakiitafuta, mmoja wao akiwa mwimbaji wa kwaya.

Kabla ya kuondoka, mpwa wangu alikwenda nyumba kwa nyumba, kaya sita zilizo karibu na ile ya wakwe zake, akasema kwa sauti kwamba mtoto hakufanya kosa lolote na kwamba aliyekosa ni yeye. Nilifuatana naye. Katika nyumba ya nne hatukukaribishwa kuketi. Kisha alimwomba msamaha msichana mwenyewe, ambaye aliitikia kwa kichwa bila kusema neno, akaendelea kupeta mchele.

Ameombwa arudi Kolwezi akaendelee na shule. Amekataa. Sasa anasoma hapa, katika darasa la jirani na langu, na kila asubuhi akinipita mlangoni mimi ndiye ninayeanza kumsalimu.